Jinsi ya kujenga mtumbwi wa zege na kuushindanisha: mwongozo kwa wanafunzi wa Kigoma

Kila mwaka wanafunzi wapya wa ujenzi wanauliza maswali yaleyale: zege litaelea kweli? Uwiano wa saruji na mchanga ni upi? Wavu wa kuku unatosha au tutafute nondo? Nimeyajibu hapa yote kwa pamoja, kwa mpangilio ambao timu inaweza kuufuata kuanzia siku ya kuchora hadi siku ya mbio.

Zege linaelea, na si jambo jipya. Mfaransa Joseph-Louis Lambot alitengeneza mashua ya saruji na waya mwaka 1848, na mwaka 1855 akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Marekani mashindano ya kitaifa ya mitumbwi ya zege kwa wanafunzi wa uhandisi yanafanyika tangu 1988, na Ujerumani wanafunzi wana regata yao (mashindano ya mbio za mitumbwi) tangu 1986. Marekani mbio ni sehemu tu ya alama. Majaji hupima pia ripoti, maelezo ya timu na ubora wa mtumbwi wenyewe. Mkiandaa mashindano yenu, fuateni utaratibu huo. Timu yenye mikono yenye nguvu isiishinde timu iliyofanya kazi safi kwa sababu ya misuli peke yake.

Kuhusu uwiano: karibu kila timu inaanza hapo, wakati si uwiano unaozamisha mitumbwi ya wanaoanza. Kinachoizamisha ni unene. Mtumbwi wa watu wawili nitakaoueleza una ukuta wenye eneo la kama mita za mraba 5.5. Kila milimita moja ya unene inaongeza kilo 12 hivi. Ukipitisha milimita 5 bila kujua, umepakia abiria wa tatu asiyepiga kafi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kupata ukuta wa milimita 15 kila mahali, si 12 hapa na 25 pale.

MAHITAJI

Vipimo ni vya mtumbwi wa watu wawili: urefu mita 5, upana sentimita 75 katikati, kina sentimita 40.

– Saruji mifuko 2 ya kilo 50. Mkipata ya daraja la nguvu la 42.5 ni bora, ya 32.5 pia inafanya kazi ila mvumilie siku zaidi za kumwagilia. Mfuko usiwe na mabonge.
– Mchanga wa mto, kilo 200 hivi baada ya kuchekecha.
– Wavu wa kuku wenye matundu madogo (milimita 12), wa kutosha tabaka mbili na vipande vya kuongezea kwenye mkuku (mstari wa katikati wa tumbo, toka ncha hadi ncha) na nchani.
– Nondo za milimita 6, mita 11, kwa ajili ya ukingo wa juu tu.
– Waya wa kufungia, koleo, mkasi wa bati.
– Plaiwudi ya kukatia fremu 9, fito au mbao nyembamba iliyonyooka, uzi wa fundi, pima maji.
– Karatasi ya nailoni, magunia ya katani, turubai la kivuli.
– Miiko, makarai, ndoo, sponji, mizani ya kilo (ya dukani inatosha).
– Spoku ya baiskeli na utepe wa umeme. Kazi yake nitaieleza.
– Madumu yenye vifuniko vinavyobana, jumla lita 160.
– Glovu za mpira, buti, miwani. Saruji mbichi inachoma ngozi polepole. Mtu hasikii maumivu mpaka jioni, wakati kidonda kimeshaanza.
– Jaketi okozi moja kwa kila atakayekanyaga mtumbwi. Kama hamna majaketi, msianze hata kuchimba udongo.

Watu wanane wanatosha kwa siku ya kupaka. Angalau mmoja awe ameshapiga plasta kwenye nyumba za watu, kwa maana mkono uliozoea mwiko haupatikani kwa kusoma.

HATUA

1. Nendeni mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, kabla ya kuchora chochote. Mafundi wa mitumbwi wa Kibirizi na Ujiji wanajua umbo linalokwenda kwenye ziwa hili kuliko mchoro wowote mtakaoukuta kwenye simu. Ombeni ruhusa, chukueni futi, pimeni upana kila nusu mita kutoka ncha moja hadi nyingine. Muulizeni fundi kwa nini tumbo limekaa vile na ncha zimeinuka vile. Shikamoo na maswali ya unyenyekevu vitawapa mengi.

Kama hamkupata wa kupima, tumieni upana huu kuanzia nchani: sentimita 50 kutoka nchani, upana 22, mita 1, upana 42, mita 1.5, upana 58, mita 2, upana 70, mita 2.5, ambayo ni katikati, upana 75. Nusu ya pili ni hivyohivyo kwa kurudi nyuma. Tumbo liwe bapa kidogo, pembe zake ziwe za mviringo. Kona kali ndipo ufa unapoanzia.

2. Pigeni hesabu ya kuelea. Eneo la mita za mraba 5.5 mara unene wa mita 0.015 ni lita 83 za zege hivi; ongeza lita 4 za ukingo. Zege la mchanga ni kama kilo 2.2 kwa lita. Ukijumlisha na waya, mtumbwi una kilo 200. Wapiga kafi wawili wa kilo 70 kila mmoja wanafikisha 340. Mtumbwi lazima usukume lita 340 za maji. Umbo hili hujaza karibu nusu ya sanduku la urefu na upana wake, kwa hiyo utazama sentimita 20 hivi na kubakiza 20 juu ya maji. Wakipanda wanne zinabaki kama 12 tu, na wimbi moja la boti ya injini linaingia ndani. Hesabu hii iandikeni kwenye karatasi kila mwanatimu aielewe, kwa sababu ndiyo itakayowazuia kusema "tuongeze kidogo hapa pawe imara".

3. Fanyeni jaribio la karai. Chukueni karai, ligeuzeni, funikeni mgongo wake kwa nailoni, kisha pakeni tabaka la milimita 15 lenye wavu katikati. Baada ya siku 7 mtakuwa na bakuli la zege. Lipimeni uzito, lieleesheni kwenye pipa, jazeni maji ndani mwone kama linavuja. Mwisho lipasueni kwa nyundo mtazame ukuta wake: wavu umekaa katikati, au umelala chini kabisa? Kuna mapengo nyuma ya waya? Kila aliyepangwa kushika mwiko apake bakuli lake. Timu zinazoruka hatua hii hujifunzia kwenye mtumbwi wenyewe, na pale hakuna kufuta.

4. Pimeni mchanga. Mchanga wa mto Luiche na vijito vya huku mara nyingi una udongo mwekundu. Jazeni chupa ya plastiki nusu mchanga, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, acheni saa tatu. Udongo utakaa juu ya mchanga kama tabaka la rangi nyingine. Ukizidi sehemu moja kwa kumi na tano ya mchanga, osheni na kuanika. Chekecheni kwa wavu wa matundu ya milimita 2 hadi 2.5. Punje kubwa zitanasa kwenye wavu wa kuku na kuwalazimisha kunenepesha ukuta.

Msichote mchanga wa ufukweni. Punje zake aghalabu ni za ukubwa mmoja, kwa hiyo zinaacha nafasi nyingi za kujazwa na saruji, na ufukwe unaochimbwa unaliwa na mawimbi.

5. Jengeni moldi ya udongo, yaani umbo la kupakia zege juu yake. Ni rahisi na haina gharama ya mbao nyingi. Kwenye kivuli, sehemu tambarare, vuteni uzi wa mita 5 kisha simamisheni fremu 9 za plaiwudi, moja kila sentimita 50, mdomo wa mtumbwi ukiwa chini na tumbo juu. Hakikisheni kwa pima maji kwamba kila fremu imesimama wima na kati yake ipo chini ya uzi. Jazeni udongo wenye unyevu kati ya fremu, shindilieni, kisha pitisheni fito kutoka fremu moja hadi nyingine kukwangua kinachozidi. Lainisheni kwa mwiko na maji kidogo. Funikeni kwa nailoni bila mikunjo, maana kila mkunjo utaonekana ndani ya mtumbwi kama kovu.

Kosa la kawaida hapa ni kufanya pande mbili zisilingane. Kateni kila fremu kwa karatasi iliyokunjwa katikati, mkichora nusu moja tu.

6. Kateni wavu na kuulalisha juu ya moldi kabla ya siku ya kupaka. Tabaka mbili, matundu yapishane, vipande vilaliane sentimita 10, vifungwe kwa waya na ncha za waya zikunjwe kwa ndani. Ongezeni kipande cha tatu juu ya mkuku na kwenye ncha mbili. Zungusheni nondo ya milimita 6 kwenye ukingo. Vikikaa vizuri, viondoeni vipande vipande huku mkivipa namba, ili siku yenyewe visipotezane.

Wanaouliza kuhusu nondo mwili mzima: hapana. Nondo mbili zikipishana zinafikisha milimita 12, na hapo hujaweka saruji wala wavu.

7. Siku ya kupaka, anzeni alfajiri na mmalize siku hiyohiyo. Zege la jana na la leo haliungani sawasawa, na pale yanapokutana ndipo maji yatapita.

Mchanganyiko: saruji kilo 5, mchanga mkavu kilo 10, maji lita 2.1. Pimeni kwa mizani, si kwa koleo. Mchanga ukiwa na unyevu punguzeni maji. Donge likifinyangwa mkononi libaki na umbo lake bila kutoa maji. Kundi moja hilo linapaka kama nusu ya mita ya mraba. Mtahitaji kama 14, ukihesabu ukingo na kitakachopotea. Kila kundi litumike ndani ya dakika 45. Likianza kukauka, litupeni. Kuongeza maji ili kulilainisha ndiyo njia ya uhakika ya kupata zege dhaifu lenye nyufa.

Anzeni chini kwenye ukingo mkipanda kuelekea mkuku, ili zege la juu likae juu ya zege lililoshikilia. Pakeni tabaka la kwanza la milimita 5 au 6, lazeni wavu juu yake, ugongeni kwa kiganja chenye glovu mpaka zege lichungulie kwenye matundu, kisha pakeni tabaka la pili. Bonyezeni mwiko, msipapase. Mwiko unaopapasa unaacha hewa nyuma ya waya.

Sasa ile spoku. Ifungeni utepe milimita 15 kutoka nchani, nchani pawe butu. Mtu mmoja kazi yake siku nzima iwe kuchoma spoku kila baada ya shubiri moja. Ikigusa nailoni kabla utepe haujafika, pamekonda. Utepe ukizama ndani ya zege, pamenenepa, pakwanguliwe hapohapo. Tundu linazibwa kwa kidole. Mpeni kazi hii mtu asiyeona haya kuwaambia wenzake warudie. Kwa maoni yangu huyu ndiye mtu muhimu kuliko wote kwenye timu, kuliko hata nahodha.

Ukingo uacheni unenepe hadi milimita 25 au 30 kuzunguka nondo, na chini yake mwache matundu ya kupitisha kamba za madumu. Malizieni nje kwa sponji yenye unyevu.

8. Mwagilieni. Zege likishika, kama saa sita baadaye, funikeni kwa magunia yaliyolowa na nailoni juu yake. Magunia yasikauke hata mara moja kwa siku 14, na mkiweza siku 28 ni bora zaidi. Kiangazi cha Kigoma, Juni hadi Septemba, upepo unakausha gunia ndani ya saa chache, kwa hiyo pangeni zamu, usiku ikiwemo. Msiusogeze mtumbwi wiki ya kwanza. Timu inayokimbilia kuutoa siku ya tatu ili kupiga picha inapata picha ya ufa.

9. Toeni kwenye moldi baada ya siku 14. Chimbeni udongo chini ya ukingo pande zote, pitisheni mikanda mipana sehemu mbili, kila moja karibu robo ya urefu kutoka nchani, inueni watu wanane kwa hesabu ya mmoja. Msibebe kamwe kwa kushika ncha mbili. Ulazeni juu ya matairi ya zamani, ugeuzeni taratibu, ondoeni nailoni. Usiku, mtu aingize taa ndani na wengine watazame nje: mwanga unaopenya ni tundu. Zibeni kwa saruji na maji kama uji mzito, na mwagilieni tena siku tatu. Ukikauka kabisa ndipo mpake rangi.

10. Fungeni madumu. Hili si pambo. Zege la lita 87 lenye uzito wa kilo 200, likijaa maji, linahitaji msaada wa lita 113 ili lisizame. Wekeni lita 160, madumu madogo nchani na makubwa nyuma yake, yafungwe kwa kamba kwenye matundu mliyoyaacha chini ya ukingo. Dumu lisilofungwa linaelea peke yake na kuuacha mtumbwi uende zake. Kumbukeni Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu kuliko pote, na huku kwetu chini panaporomoka ghafla si mbali na ufukwe. Mtumbwi ukizama huko hamtauona tena.

MAJINI

Kusafirisha kwanza. Kirikuu haifai: mita 5 zitaning'inia nje na kila shimo la barabara litagonga katikati ya mtumbwi. Tafuteni kenta yenye bodi ndefu, tandazeni mchanga au magodoro ya zamani, fungeni kwa mikanda bila kukaza kupita kiasi.

Ongeeni mapema na viongozi wa mwalo na kikundi cha usimamizi wa fukwe. Wao ndio wanaojua wapi mamba ameonekana wiki hii na wapi boti za injini hupita. Epukeni maji yaliyotuama yenye majani, ndiko kichocho kiliko.

Jaribio la kwanza liwe kwenye maji ya kiunoni. Ujazeni maji mpaka ukingoni, usukumeni chini, uachieni. Ukirudi juu wenyewe na kutulia, umefaulu. Usiporudi, hakuna mtu kupanda mpaka madumu yaongezwe. Mashindano ya Marekani nayo yana jaribio la namna hii kabla ya mbio.

Kisha wapiga kafi wapige magoti, si kukaa juu ya ubao. Mwili wa kilo 70 ukikaa chini zaidi kwa sentimita 20, mtumbwi unatulia kabisa. Aliye nyuma ndiye anayeongoza. Mtumbwi wa kilo 200 ukishashika mwendo hauachi haraka, hivyo mbio zikiwa na kona anzeni kugeuza mapema, mita kadhaa kabla ya boya. Mwendo wa mita 200 moja kwa moja unatosha kwa mashindano ya kwanza. Yafanyike asubuhi, kwa sababu mchana upepo huamka na mawimbi ya ghuba yanafika kwenye zile sentimita 20 mlizobakiza. Boti ya uokoaji yenye injini iwe majini kabla ya mtumbwi wa kwanza, si baada.

MATATIZO NA TIBA ZAKE

Nyufa nyembamba kama unywele nje, bila kuvuja: magunia yalikauka siku za mwanzo. Pakeni uji wa saruji kwa brashi, lowesheni, endeleeni.

Ufa unaopenya na kulowa ndani: ukwangueni uwe kama mfereji wa umbo la V bila kukata wavu, lowesheni, jazeni mchanganyiko mkavu kidogo, mwagilieni siku 7.

Zege linateleza kutoka ubavuni wakati wa kupaka: maji yamezidi, au mmepaka nene kwa mkupuo mmoja. Ondoeni lililoteleza, msilirudishe.

Mtumbwi unaegemea upande mmoja ukiwa mtupu: ubavu mmoja ni mnene. Msiongeze zege upande wa pili. Fungeni mfuko wa mchanga ndani, upande uliokonda, mpaka ukae sawa, na mhesabu uzito wake kwenye ule wa jumla.

Waya unachungulia na kutoa kutu: ukateni, chimbeni kidogo, zibeni. Ukiachwa, kutu inapasua zege kutoka ndani.

Umekuwa mzito sana, tuseme kilo 260: bado utaelea, lakini fanyeni upya hesabu ya hatua ya 2 na ile ya madumu. Punguzeni wapiga kafi ikibidi.

Tunataka mwepesi zaidi, tutumie nini badala ya mchanga? Timu nyingi za Marekani hutumia vipovu vidogo sana vya kioo, ambavyo dukani hapa hamvipati. Tulicho nacho Kigoma ni vifuu vya mise (kokwa za chikichi) vinavyotupwa baada ya kukamua mafuta. Vipondeni vipite kwenye matundu ya milimita 4, vichemsheni kwa sabuni kutoa mafuta, vilowekeni siku nzima kwa sababu vinanyonya maji mengi, kisha vikausheni juu tu kabla ya kuchanganya. Vikichukua nafasi ya sehemu ya mchanga kwa ujazo, zege linaweza kushuka chini ya kilo 2 kwa lita, ila na nguvu inapungua. Jaribuni kwenye makarai kwanza. Mtumbwi wa kwanza wa timu uwe wa mchanga wa kawaida.

Mtumbwi umevunjika kabisa: kusanyeni vipande, pimeni unene wa kila kimoja kwa rula na mwandike kilitoka wapi. Wekeni jedwali hilo kwenye ripoti, na mpeni aliyeshika spoku nakala yake kabla ya kuanza kuchimba moldi nyingine.